Umri wa Chombo Ndio Bei Yake ya Kweli

Bei iandikwayo juu ya kompyuta katika duka la mjini Mwanza ni mwanzo tu wa bei ya kompyuta hiyo, maana bei kamili haijulikani mpaka siku chombo kitakapokufa, fedha zote zilizotumika juu yake zikajumlishwa, na jumla hiyo ikagawanywa kwa miaka ambayo kiliitumikia nyumba. Kwa hesabu hii, kompyuta ya shilingi laki tano iliyoungua baada ya mwaka mmoja ni ghali zaidi ya mara tatu kuliko ile ya shilingi milioni moja na nusu iliyodumu miaka kumi, ijapokuwa siku ya kununua aliyelipa kidogo alionekana mwerevu na aliyelipa kingi alionekana mbadhirifu. Nimeishi na vyombo hivi hapa Kisesa kwa muda mrefu, kompyuta za mezani na za kupakata, ruta, swichi na nyaya zake, nikaona vingine vikifa vichanga na vingine vikizeeka kwa heshima, na kilichotenga kundi moja na jingine kilikuwa hifadhi, wala hakikuwa kasi au jina la kampuni. Kwa hiyo nashauri kwamba shilingi ya kwanza ya kila anunuaye kompyuta, awe mwenye nyumba, mkuu wa shule au serikali yenyewe, itangulie kwenye ulinzi wa chombo, na kasi ingoje zamu yake.

Kisesa ni mji mdogo wa wilaya ya Magu, kilomita ishirini hivi kutoka Mwanza kwa barabara iendayo Musoma, karibu na Bujora yenye makumbusho ya Wasukuma. Umeme unaotufikia hupita katika transfoma ambazo nyumba za kuishi huzitumia pamoja na mashine za kusaga nafaka na karakana za kuchomelea mageti, na kila fundi anapogusisha waya wake na chuma, taa za majirani hufifia. Kwa kanuni umeme wa nyumbani katika Tanzania ni wa volti 230, lakini soketi haisomi kanuni: saa za jioni, mapishi na friji na televisheni vikutanapo, kipimo hushuka, na usiku wa manane, matumizi yapunguapo, hupanda. Pawasaplai njema ya kompyuta imeumbwa kustahimili mabadiliko hayo kwa kiasi. Adapta duni ya ruta, iliyobanwa gharama mpaka mwisho, haiyastahimili.

Watu wengi huogopa kukatika kwa umeme, ilhali kukatika kwenyewe aghalabu hakuui chombo. Kiuacho ni kurudi kwake. Umeme urudipo baada ya saa kadhaa za giza, kila friji, kila pampu na kila mota iliyoachwa imewashwa huamka kwa dakika moja na kuvuta kwa pupa, volti huanguka, kisha huruka juu wakati mzigo unapojipanga upya, na vyombo vidogo vyenye sakiti nyepesi ndivyo vilipavyo gharama ya msukosuko huo. Hatari kubwa zaidi hutokea waya wa nyutro ulegeapo nguzoni au kwenye transfoma, maana hapo nyumba zinazogawana njia tatu za umeme hujikuta zimefungwa baina ya nyaya mbili zenye moto, na volti katika baadhi ya nyumba huweza kupanda kuielekea 400, kipimo ambacho hapana kompyuta ya nyumbani iliyotengenezwa ili kukihimili. Mtu aliyejifunza kuzima soketi mara umeme ukatikapo, akangoja dakika kadhaa baada ya kurudi kwake ndipo akawasha, amekwisha kuongeza miaka ya chombo chake bila kutoa senti. Na anunuaye stabilaiza yenye uwezo wa kukata umeme uzidipo na kuuchelewesha urudipo, amejipatia mlinzi asiyelala.

Zaidi ya umeme wa nguzo kuna umeme wa mbinguni. Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani, na sababu yake inaeleweka: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda bara, usiku nchi kavu hupoa, pepo za pande zote zikageuka na kukutana juu ya maji yenye vuguvugu, hewa ikanyanyuka kwa nguvu na kuzaa mawingu ya dhoruba. Ndiyo maana wavuvi wetu huziogopa zaidi dhoruba za usiku na za alfajiri, na ndiyo maana vyombo vingi vya nyumba za ufukoni huungua wenyewe wakiwa usingizini. Radi haina haja ya kupiga nyumba yako; ikipiga mti wa jirani, nguvu yake huamsha umeme katika kila waya mrefu uliotandazwa karibu, ukiwa wa antena, wa dishi, au wa mtandao uliopitishwa juu ya ua kutoka nyumbani kwenda dukani. Ruta huingiliwa kwa njia mbili, ya adapta na ya waya wa mtandao, na mwenye nyumba akikinga mlango mmoja akaacha wa pili hajakinga kitu. Nimeona mahali ambapo waya wa mtandao uliounganisha majengo mawili uliangamiza kwa usiku mmoja swichi na tundu za mtandao za kila kompyuta iliyofungwa kwao, huku kompyuta iliyopokea mtandao kwa hewa ikisalimika. Kwa hiyo baina ya jengo na jengo heri kutumia faiba, ambayo ni uzi wa kioo usiopitisha umeme, au antena ndogo za kutazamana, na waya wa shaba ubaki ndani ya paa moja.

Lakini kinga zote hizo, stabilaiza, ekstensheni zenye ulinzi, na vizuizi vya radi, zinategemea jambo moja ambalo nyumba nyingi zimelipuuza, nalo ni ethi. Kinga hupokea nguvu iliyozidi na kuielekeza ardhini. Pasipo njia njema ya ardhini, nguvu hiyo itatafuta njia nyingine, na mara nyingi itapita katika chombo kile kile kilichokusudiwa kulindwa. Ardhi ya Mwanza na viunga vyake ina mawe ya matale kila upande, na udongo wake wa kichanga hukauka sana wakati wa kiangazi, na udongo mkavu ni mpitishaji dhaifu wa umeme. Hivyo fimbo fupi iliyochomekwa karibu na mwamba ili kukamilisha kazi haraka inaweza kuonekana kwa macho ikawa haipo kwa kipimo. Ethi sharti ifike kwenye unyevu, pengine kwa fimbo mbili au tatu zilizounganishwa, na sharti ipimwe kwa chombo chake na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka isimamiayo huduma za nishati, wala isikubaliwe kwa maneno. Hapa Usukumani mtu mwenye akili hanunui ng'ombe kabla ya kujenga zizi, na ethi ndiyo zizi la mali yote iendayo kwa umeme.

Baada ya umeme linafuata joto. Ruta nyingi huwekwa juu ya televisheni au juu ya king'amuzi, chini ya paa la bati lisilo na dari, mahali ambapo alasiri ya mwezi wa Septemba hewa yenyewe ni ya moto, na chombo chenye joto lake hupokea joto la wengine. Ndani ya vyombo hivi mna kapasita zenye maji maji ya kemikali, na wahandisi wanakadiria kwamba kila nyuzi kumi za joto ziongezekapo, umri wa kapasita hizo hupungua karibu nusu. Kadhalika betri za risasi zitumiwazo na UPS, yaani vifaa vya akiba ya umeme. Fundi afunguapo ruta iliyozimika akakuta kapasita zimevimba vichwa, tiba yake ni kipande cha bei ndogo na kazi ya muda mfupi, lakini wengi hawamfikii fundi, hukitupa chombo na kununua kingine, wakakiweka pale pale kilipofia cha kwanza. Vumbi la kiangazi huziba feni, mjusi huingia katika pawasaplai kutafuta joto na kusababisha shoti, na tiba ya yote mawili ni brashi laini, wavu mwembamba na mazoea ya kufungua kifuniko kila baada ya miezi michache.

Ni vyema nitaje betri moja ndogo, bapa, ya volti 3, iitwayo CR2032, ambayo hutunza saa ya kompyuta inapokuwa imezimwa. Betri hiyo ikichoka, kompyuta husahau tarehe na kuamka katika mwaka uliopita zamani, na kwa kuwa tovuti za benki na za serikali huthibitisha usalama wake kwa vyeti vyenye tarehe za kuanza na kuisha, kompyuta hiyo huvikataa vyeti hivyo kana kwamba ni vya uwongo. Mwenye nyumba huona intaneti imekataa, humlaumu mtoa huduma, hatimaye huamua kwamba kompyuta imezeeka. Kompyuta nzima hutupwa kwa sababu ya betri ya bei ya soda. Na hasara ya namna hii haitokani na umaskini wa fedha, inatokana na uchache wa maarifa yaliyotawanywa.

Kwa upande wa mtandao wa ndani ya nyumba, maisha marefu yanakaa katika waya kuliko yanavyokaa hewani. Mpango wa mtandao wa nyaya zilizosokotwa uliokubaliwa mwaka 1990 ungali ukifahamiana na swichi nyingi ziuzwazo leo, kwa plagi ile ile na kwa masafa yale yale yasiyozidi meta 100, hali ya kuwa vifaa vya mtandao wa hewani vimebadilika kizazi baada ya kizazi. Walakini mnunuzi atazame waya wenyewe, kwa sababu sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, ambazo hukatika zikikunjwa na kupoteza nguvu zikirefushwa. Waya wa shaba tupu ukiwekwa vizuri ukutani utashuhudia kompyuta tatu au nne zikija na kupita.

Nyumba iliyojipanga hivi haitetereki sana hata njia kuu zikatikapo. Mkongo wa kwanza wa baharini ulitufikia Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukaileta intaneti ya kasi mpaka mikoa ya Ziwa. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa Tanzania nzima ikahisi uzito wa jambo hilo. Aliyeweka vitabu vyake, masomo ya watoto na hesabu za biashara katika diski iliyomo nyumbani aliendelea na kazi. Aliyeweka kila kitu ng'ambo alingoja meli ya mafundi.

Hapo ndipo tufikiapo jambo lililo kubwa kuliko vyombo vyenyewe, nalo ni amana iliyomo ndani yake. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya maji yetu haya, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, baada ya miaka 35 ya kungoja. Karatasi zilivumilia, lakini diski iliyofungiwa kabatini miaka 35 pasipo mtu wa kuiangalia haina ahadi hiyo. Hapa hapa Kisesa, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikifuatilia afya ya kaya zetu tangu mwaka 1994, na maarifa juu ya Ukimwi yaliyotokana na kazi hiyo yamesomwa duniani kote. Kompyuta za mwaka 1994 hazipo tena kazini, lakini taarifa zingali hai, kwa kuwa watu walipewa dhamana ya kuzihamisha kutoka chombo kizee kwenda kichanga kabla ya mauti yake. Familia nayo yapaswa kuwa na mtu wa dhamana hiyo, atakayeweka nakala ya picha, vyeti na hati za kiwanja mahali pawili palipo mbalimbali.

Taifa letu lilikwisha kufunzwa jambo hili kwa gharama. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; mradi wa kuziweka hesabu za serikali katika kompyuta ukaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku yale yaliondoka baadaye, na ilifaa yaondoke. Lakini funzo lake halikupasa kuondoka nayo, kwamba chombo kinunuliwacho bila watu wa kukitunza na bila fedha za kukitunza ni deni lililovaa nguo za maendeleo.

Najua hoja mbili zitakazoletwa dhidi ya maneno haya, na zote mbili zina haki ya kujibiwa. Ya kwanza ni ya mwenye kipato kidogo, asemaye kwamba laki tano ndiyo akiba yake yote, na hana ziada ya ethi wala stabilaiza. Namwambia anunue kompyuta ya laki nne, na laki moja iwe ya ulinzi. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya au Ghuba, zifikazo kwetu kwa njia ya Dubai, ziliumbwa zifunguliwe na kutengenezwa, na vipuri vyake huhamishika kutoka moja hadi nyingine. Nyingi ni bora kuliko mpya za bei duni zilizogandishwa kwa gundi. Na akinunua ya kupakata yenye betri nzima, amepata ndani yake akiba ya umeme ambayo ya mezani haina.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yasema kwamba chombo kikongwe ni mlango wa wezi, kwa kuwa programu zake hazirekebishwi tena. Ni kweli kwamba muda wa kawaida wa huduma ya Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zenye afya haziruhusiwi kupokea Windows 11 kwa kukosa sehemu ya usalama idaiwayo na programu hiyo. Lakini mashine iliyokataliwa na programu moja haijafa. Linux, itolewayo bure na kurekebishwa daima, huziendesha vizuri kompyuta za namna hiyo kwa kazi za kuandika, kusoma na kutumia intaneti. Hata ruta zina mfano wake: Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2002, iliendelea kutumika miaka mingi kuliko ilivyotazamiwa kwa sababu programu yake iliwekwa wazi, na kutoka humo ikazaliwa OpenWrt mwaka 2004, ambayo mpaka leo huvipa uhai vyombo vilivyoachwa na watengenezaji wao. Uzee wa chuma na uzee wa programu ni maradhi mawili tofauti, na mgonjwa wa maradhi ya pili asizikwe kwa ya kwanza.

Wala tusijidanganye kwamba kitupwacho hutoweka. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme katika mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu yetu ya taka hizo, pamoja na risasi yake, ikichomwa nyuma ya nyumba, majivu yake huoshwa na mvua mpaka ziwani, tunakochota maji na kuvua samaki.

Basi yapo mambo ambayo mwenye nyumba hawezi kuyatimiza peke yake. Shirika la Viwango litazame adapta na nyaya za mtandao kwa ukali ule ule litazamao vyakula, kwa kuwa adapta mbaya huchoma nyumba. Vyuo vya ufundi vya VETA vifunze matengenezo ya ruta, pawasaplai na kompyuta za kupakata kuwa ufundi kamili wenye cheti, ili vijana wa Kisesa, Igoma na Magu wapate amali yenye wateja siku zote. Na wauzaji watakiwe kueleza urahisi wa kukitengeneza chombo. Ufaransa tangu Januari 2021 imelazimisha kompyuta za kupakata zionyeshe alama zake juu ya kumi katika jambo hilo, na mnunuzi wa Mwanza anahitaji elimu hiyo kuliko wa Paris, maana kwetu chombo kinakabiliwa na maadui wengi zaidi na fedha ya kukibadilisha ni adimu zaidi.

Juu ya yote hayo, kila zabuni ya kompyuta za shule, zahanati au halmashauri iwe na mistari minne isiyofutika: ethi iliyopimwa, kinga ya umeme na radi, vipuri vya miaka mitano, na jina la fundi mwenye dhamana. Mfadhili aletaye kompyuta arobaini pasipo mistari hiyo aombwe kwa adabu alete thelathini, na gharama ya zile kumi iende kwenye ulinzi wa zilizobaki. Na mkuu wa shule apewaye karatasi isiyo na mistari hiyo asiitie sahihi.